Wembamba wa laptopu hulipiwa wapi?

Ukipata laptopu ya mwaka 2006 hivi, igeuze, achia vile vikomeo viwili vya chini, na betri itakutokea mkononi. Fundi akilipasua lile ganda la plastiki, ndani mna mitungi ya chuma, mara nyingi sita, inayofanana na betri za tochi. Inaitwa 18650, na jina hilo ni vipimo vyake: kipenyo milimita 18, urefu milimita 65. Iliyo hai bado huokolewa ikatengenezewa tochi au chaja ya simu ya kubebeka.

Sasa mwambie mhandisi atengeneze laptopu yenye unene wa milimita 16, skrini na kifuniko vikihesabiwa humohumo. Kabla hajagusa kitu kingine, mtungi wa milimita 18 umeshamkatalia. Itabidi atumie betri za vifuko bapa, zipangwe kama chapati chini ya kibodi na zifungwe ndani kwa skrubu au gundi. Hapo tayari ameachia kitu: mwenye mashine hawezi tena kubadilisha betri kwa vidole. Kifuko kikizeeka huvimba, na dalili ambayo wengi huiona kwanza ni padi ya kipanya kugoma kubonyezeka.

Huko kuachia hiki ili upate kile ndiyo hesabu yote ya laptopu nyepesi. Kuna unene, kuna uwezo wa mashine, kuna bei. Ukivuta kimoja, vingine viwili husogea, na msogeo huo mara nyingi hauonekani dukani.

Mfano unaokumbukwa zaidi ni wa Januari 2008, San Francisco, Steve Jobs alipotoa MacBook Air kwenye bahasha ya karatasi ya ofisini. Uzito kilo 1.36, na ukingo wake mwembamba kabisa milimita 4. Bei dola 1,799. Wakati huohuo Apple hiyohiyo iliuza MacBook ya kawaida kwa kuanzia dola 1,099, nzito zaidi lakini yenye kisomaji cha CD, tundu la waya wa mtandao, matundu mawili ya USB na prosesa (chipu inayofanya kazi zote za kukokotoa) yenye kasi zaidi. Air ilikuwa na tundu moja tu la USB. Ukitaka kisomaji cha CD, ongeza dola 99. Adapta ya waya wa mtandao, dola 29. Na ukitaka SSD, yaani hifadhi ya chipu isiyozunguka, ya gigabaiti 64 badala ya diski ndogo iliyozunguka polepole, dola 999 nyingine. Yaani mtu alilipa dola 700 zaidi ili apunguziwe vitu, kisha akalipa tena kurudishiwa baadhi yake.

Hiyo haikuwa dhuluma, tuseme ukweli. Vipande vidogo vilikuwa ghali kwa kuwa wachache ndio waliovitumia; Intel, mtengenezaji wa prosesa hiyo, ililazimika kuifinya yenyewe ili iingie humo. Vilipozoeleka bei ilishuka, na mwaka 2010 Air ya inchi 11 ilianzia dola 999. Mwaka uliofuata Intel ikawahimiza watengenezaji wengine watoe mashine za aina hiyo, ikaziita Ultrabook, zikilenga bei chini ya dola 1,000. Wengi walihangaika kufikia bei hiyo, na baadhi walirudi kwenye diski ya kuzunguka wakaibandikia SSD ndogo pembeni.

Joto nalo ni kesi yake. Prosesa hula umeme, na umeme huo wote huishia kuwa joto linalotakiwa kutoka. Katika mwili mwembamba feni ni ndogo au haipo kabisa, kwa hiyo prosesa ikipata moto hujipunguza kasi yenyewe. Ndiyo maana laptopu nyembamba inaweza kuanza kuchakata video kwa mbwembwe, kisha baada ya dakika chache ikaanza kujikokota. Kwa miaka mingi stika ya Core i7, jina la prosesa za Intel, ilibandikwa kwenye mashine zisizolingana hata kidogo: prosesa ambayo namba yake iliishia na herufi U kwa kawaida iliundiwa wati 15, iliyoishia na H wati 45. Anayenunua mtumba asome herufi hiyo kabla ya kusoma kitu kingine.

Lakini mfano ninaoupenda ni wa kampuni moja, mwaka mmoja. Mwaka 2018 Lenovo ilitoa ThinkPad X1 Carbon ya kizazi cha sita na ThinkPad T480, zote za inchi 14. X1 ina unene wa milimita 16 hivi na uzito wa kilo 1.13. T480 ni milimita 20, karibu kilo 1.6. Milimita nne, unene wa vitambulisho vichache vya taifa vilivyopangwa pamoja.

Zifungue sasa. Kwenye T480 utaona nafasi mbili za RAM, kumbukumbu ya muda ambayo programu zilizofunguliwa hukaa humo. Unachomoa ya gigabaiti 4, unachomeka ya 16, mashine inapata maisha mengine. Ina betri ya nje unayoitoa kwa vikomeo vilevile vya mwaka 2006, na ukichukua ile kubwa inachomoza chini kama kisigino. Tundu la waya wa mtandao lipo ubavuni, kamili. Kwenye X1, RAM imelehemiwa kwenye bodi. Iliyotoka kiwandani na gigabaiti 8 itakufa na 8. Waya wa mtandao unahitaji kiunganishi chake cha pembeni, na kiunganishi hicho ndicho husahaulika nyumbani siku ya semina. Bei ya kuanzia Marekani: T480 dola 989, X1 dola 1,709.

Miaka michache baadaye zote mbili zinafika Kariakoo na Nairobi zikiwa mtumba, na pengo lile la bei limepungua sana. Hapo ndipo wembamba unapodai sehemu yake ya mwisho, na anayelipa si yule aliyeinunua mpya. Ofisi ya kwanza ilitumia mashine miaka mitatu ikaiuza; RAM iliyogandishwa haikuisumbua. Mnunuzi wa tatu ndiye anayegundua kwamba kivinjari kikifunguliwa kurasa ishirini hakuna cha kuongeza.

Wapo watengenezaji waliowahi kugeuza gari. Mwaka 2015 Apple ilitoa MacBook ya milimita 13 yenye tundu moja la USB-C kwa kila kitu, chaja ikiwemo, na kibodi yenye vitufe bapa ambavyo chembe za vumbi ziliweza kuvikwamisha. Kibodi za aina hiyo zilienea kwenye laptopu zake nyingine, hadi mwaka 2018 ikaanzisha mpango wa kuzitengeneza bure. MacBook Pro ya mwaka 2021 ikarudi na tundu la HDMI, la kuunganisha skrini ya nje, na la kadi ya kamera, na ile ya inchi 16 ilikuwa na milimita 16.8, nene kuliko ya inchi 15 ya mwaka 2016 iliyokuwa na 15.5. Milimita moja na ushee, na watu wakaacha kutembea na mfuko wa adapta.

Mimi naandika haya kwenye T480 yenye kisigino. Niliipandisha RAM kwa bei ya viatu, betri ya pili iko kwenye droo. Bega la kulia, linalobeba begi kwenye daladala kila asubuhi, lingechagua X1.