Je, wajua kwa nini simu inayokuelekeza mahali husema zimebaki mita 300 ilhali mlimani una mwendo wa saa mbili?

Anayeshindwa kitendawili ana njia ya kujiokoa. Mtegaji humwambia, "Nipe mji," naye hutoa Pangani au Korogwe, mji ukapokewa na jibu likafumbuliwa. Katika mchezo wa jiokashi, yaani kusaka visanduku vilivyofichwa kwa kutumia GPS, mfumo wa setilaiti wa kujua mahali ulipo, kuna kitendawili kimoja kisichopokea mji wowote, kwa kuwa jibu lake lenyewe ni mahali. Mtu huficha kisanduku kisichoingiza maji, chenye daftari na penseli ndani, kisha badala ya kutangaza majiranukta yake, yaani namba za latitudo na longitudo za mahali kilipo, hutangaza fumbo. Anayelifumbua hupata namba, na hapo ndipo anapoanza kugundua kwamba namba na mlima ni vitu viwili tofauti.

Mchezo wenyewe hauna umri mkubwa. Tarehe 2 Mei 2000 serikali ya Marekani iliacha kuyapotosha kwa makusudi mawimbi ya GPS yanayotumiwa na raia, ambayo hadi siku hiyo yaliweza kumpeleka mtu kando kwa takriban mita 100. Kesho yake Mmarekani aitwaye Dave Ulmer alificha ndoo msituni karibu na Portland, katika jimbo la Oregon, akatangaza namba zake kwenye intaneti, na kabla siku nyingi hazijapita ndoo ilikwisha kupatikana. Siku hizi kila kisanduku hupewa nyota 1 hadi 5 za ugumu wa kufikiri, na nyota nyingine 1 hadi 5 za ugumu wa ardhi. Kwa visanduku vya fumbo, alama inayoonekana kwenye ramani ni ya kuzugia tu, ingawa kanuni hutaka mahali penyewe pasiwe mbali nayo zaidi ya kilomita 3.2.

Rafiki yangu wa Tanga mjini, mwalimu wa jiografia, alinitegea fumbo la namna hiyo katika milima ya Usambara wakati wa likizo ya Juni. Longitudo alinipa waziwazi. Kuhusu latitudo, ambayo hupimwa kwa nyuzi na dakika (dakika hapa si ya saa, ni sehemu moja ya sitini ya nyuzi moja), aliandika hivi: "Nyuzi 4 kusini, dakika 47 na nukta ngapi? Chukua mwaka treni ilipofika Moshi, toa mwaka reli ilipoanza kujengwa Tanga, kisha zidisha kwa idadi ya herufi za jina ambalo Mjerumani aliupa mji wa Lushoto." Reli ilianza kujengwa Tanga mwaka 1893 na ikafika Moshi 1911, kwa hiyo tofauti ni 18. Jina la Kijerumani ni Wilhelmstal, lenye herufi 11. Mara 18 ni 198, na jibu ni dakika 47.198.

Mimi, kwa bahati mbaya, nililikuta jina hilo katika maandishi ya zamani likiwa limeandikwa Wilhelmsthal, kwa herufi 12, nami nikapata 216 bila kuwa na shaka hata kidogo. Inafaa kujua kosa kama hilo lina uzito gani ardhini. Dakika moja ya latitudo ni takriban mita 1,852, hivyo sehemu moja ya elfu ya dakika haifiki mita 2, na tofauti yangu ya sehemu 18 ilikuwa kama mita 33. Huku kwetu, karibu na ikweta, dakika ya kwenda mashariki au magharibi nayo ina urefu unaokaribiana na huo, ilhali London hupungua hadi kama mita 1,155. Yapo makosa makubwa zaidi ya hilo langu. Anayesoma 47.198 kana kwamba ni dakika 47 na sekunde 19.8 huwa amejisogeza karibu mita 245, na anayesahau kuiambia simu kwamba nyuzi 4 ni za kusini, akaacha kaskazini, hupelekwa kusini mwa Ethiopia.

Basi mimi na mdogo wangu tulipanda gari kutoka Mombo, tukapita Soni hadi Lushoto, na kutoka hapo tukaenda kwa miguu. Ilipofika saa nne asubuhi tulikuwa tumesimama juu ya ukingo, mikalitusi nyuma yetu na bonde lenye ukungu mbele, simu ikisema zimebaki mita 300. Mdogo wangu alikuwa amekwisha kufungua chupa ya maji ya kusherehekea.

Bibi mmoja alipita akiwa na mzigo wa kuni kichwani. Tulimwamkia, "Shikamoo bibi," akaitikia, "Marahaba wajukuu zangu. Mwenda wapi? Huko hakuna njia, ni genge." Nikamwonyesha ng'ambo ya bonde. Alitazama kwa muda, akasema, "Kule? Rudini kwenye ile njia, mshuke mpaka mtoni, mvuke, halafu mpandie kwenye migomba. Mtafika jua limekwisha geuka."

Simu haikusema uongo, wala bibi hakutia chumvi. Kifaa cha GPS hupokea mawimbi ya setilaiti, hukokotoa mahali kilipo, kisha hupima mstari mnyoofu hadi kwenye namba uliyokiandikia, na umbali huo huwa ni wa mlalo, kama ambao kunguru angeruka. Hakihesabu mita za kushuka wala za kupanda, na katika hali hiyo hakijui kwamba kati yako na kisanduku kuna genge, mto na shamba la mtu. Bibi alipima kwa njia ambayo miguu hupita. Mwaka 1892 Mskoti William Naismith aliweka kanuni ambayo wapanda milima wangali wanaitumia: saa moja kwa kila kilomita 5 za njia, na saa nyingine kwa kila mita 600 za kupanda. Njia tuliyoelekezwa ilikuwa na kama kilomita 3, na upande wa pili ulikuwa na mita kama 250 za kupanda, kwa hiyo kanuni inatoa dakika 36 na dakika 25, yaani saa moja na ushei. Lakini kanuni hiyo ni ya mtu mkakamavu katika hali nzuri ya hewa. Ongeza udongo mwekundu ulioloa, ambao kila hatua mbili unakurudisha moja, na mteremko unaokulazimu kushika majani, utazifikia saa mbili za bibi bila shida.

Ramani ya karatasi ingetuonya mapema. Kwenye ramani ya kipimo cha 1:50,000, mita 300 ni milimita 6 tu, lakini ndani ya milimita hizo mistari ya kontua, yaani ile inayounganisha mahali penye kimo kimoja, ingekuwa imebanana hadi kukaribia kuwa mstari mmoja mnene, na kila aliyesoma jiografia sekondari anajua maana yake. Tatizo ni kwamba wengi wetu tuliacha kontua kwenye chumba cha mtihani.

Kule chini mtoni simu ilianza kuyumba. Mara mita 180, mara 240, na sisi tumesimama palepale. Sababu yake ni pana kuliko ile tunayoitaja upesi, kwamba "hakuna mtandao." GPS haihitaji bando. Kinachokosekana bila mtandao ni picha ya ramani, pamoja na taarifa za kuiwezesha simu kuzitambua setilaiti upesi. Ili kujua mahali ilipo, simu huhitaji mawimbi ya setilaiti zisizopungua 4, ambazo huzunguka kwenye kimo cha kilomita 20,200 hivi, na hupima umbali wa kila moja kwa muda ambao wimbi limechukua njiani. Katika sehemu moja ya milioni ya sekunde wimbi hilo husafiri mita 300. Sasa bonde lina kuta, na kuta hufanya mambo mawili. Kwanza huzificha setilaiti zilizo karibu na upeo wa macho, zikabaki zile za utosini peke yake, na kutafuta mahali kwa setilaiti zilizokusanyika upande mmoja ni kama kuisimamisha nguzo kwa kamba zinazovutwa zote kutoka upande uleule. Pili, wimbi hugonga mwamba na kudunda kabla ya kuifikia simu, likarefusha njia yake, nayo simu isiyojua habari ya mwamba hudhani setilaiti iko mbali zaidi. Msitu mnene uliolowa huongeza lake, kwa kuwa maji yaliyo kwenye majani hulidhoofisha wimbi. Dawa ni kutoka kwenye bonde, kusimama mahali penye anga wazi, na kuipa simu dakika kadhaa za utulivu bila kuigeuzageuza.

Tulifika juu saa saba kasoro, na mshale wa simu ukaelekea nje ya ukingo, hewani. Ndipo nilipompigia mwalimu simu, naye akacheka muda mrefu kuliko nilivyopenda kabla ya kuniuliza nilihesabu herufi ngapi. Nilisahihisha 216 kuwa 198, tukarudi nyuma kuelekea kaskazini hadi kwenye mawe yaliyozungukwa na majani marefu, simu ikaandika sifuri, na kisanduku hakikuwapo.

Hapa ndipo wasakaji wapya hukata tamaa, kwa kuwa huamini kwamba sifuri ni nukta. Kwa hakika ni duara. Simu ya kawaida penye anga wazi hukosea kama mita 5, na mwalimu naye alipokificha alitumia simu yenye makosa yake, hivyo makosa mawili yanaweza kukutana na kukupeleka mita 10 kando. Msakaji mzoefu akifika hapo huitia simu mfukoni na kujiuliza yeye mwenyewe angeficha wapi: si ndani ya udongo, kwa maana mchezo haukubali kuchimba, si mahali ambapo maji ya mvua hupita, wala si mahali ambapo mchungaji hukaa. Kisha hutazama kitu ambacho mlima usingekipanga hivyo.

Mdogo wangu ndiye aliyekiona. Chini ya mwamba, hatua kama tisa kutoka pale penye sifuri, palikuwa na vijiwe vitano vyenye ukubwa unaolingana vikiwa vimeziba tundu, na kimoja kilikuwa na ukungu wa kijani upande wa chini badala ya juu. Nyuma yake palikuwa na kopo la plastiki lenye mfuniko wa kubana. Hamkuwa na chakula ndani, kwa sababu harufu huita wanyama. Mlikuwa na daftari dogo, kipande cha penseli, na shilingi mia ambayo mwalimu aliiweka ili atakayeichukua aache kitu kingine cha thamani hiyo au zaidi. Tuliandika majina na tarehe, tukaacha kifungo cha shati, kisha tukavirudisha vile vijiwe vitano, na safari hii upande wenye ukungu tukauelekeza juu.