Rangi za mafuta kila siku: kazi inaanzia kwenye vibao

Mchoraji wa kila siku hukwamishwa na maandalizi. Mwanga wa asubuhi ni mzuri, rangi zipo, lakini hakuna kibao kilichopakwa praima, yaani rangi ya msingi. Ndiyo maana nashauri siku nzima itengwe kwa kuandaa, ili asubuhi ya kuchora pasiwe na kukata wala kupiga msasa.

Karatasi moja ya hadibodi, futi 4 kwa 8, hutoa vibao 54 vya sentimita 20 kwa 25, yaani kazi ya karibu miezi miwili. Mkumbushe seremala kwamba msumeno ukila zaidi ya milimita 3 kila mkato, safu ya sita, ya mwisho kwa upana, haitatosha. Sugua upande laini kwa msasa namba 120 hadi mng'ao uishe, la sivyo praima itabanduka. Futa vumbi kwa kitambaa chenye unyevu, acha kibao kikauke, kisha paka praima ya akriliki mikono mitatu myembamba, kila mkono ukikatiza ule uliotangulia, na msasa namba 220 katikati. Usisahau mgongo na kingo. Hewa ya hapa kwetu Kisumu ina unyevu wa ziwa, na kuanzia Machi hadi Mei mvua huongeza. Kibao kilichozibwa upande mmoja hunywa maji upande wa pili na kupinda. Kibao kilichokwisha kupakwa kipe siku tatu kabla ya rangi ya mafuta kukigusa.

Wengi hutumia emalshani ya ukuta badala ya praima kwa kuwa ni rahisi. Mimi siipendekezi. Nyingi zina chokaa tele na gundi kidogo, hivyo hufyonza mafuta ya rangi. Picha hubaki na mabaka yaliyofifia, na rangi yenyewe hulegea.

Kwa zoezi la kila siku tyubu tano zinatosha: nyeupe ya titani, okra ya njano, nyekundu ya kadimiamu, buluu ya ultramarini na amba iliyochomwa. Nyeupe nunua ya mililita 200, kwani huisha kabla ya zote. Rangi ya mafuta haikauki kama maji. Hushika kwa kunyonya oksijeni hewani. Amba ina manganizi, kwa hiyo hushika haraka, ilhali nyeupe ya titani hukawia siku kadhaa. Mabaki ya leo yaweke kwenye kasha lenye kifuniko cha kubana, pamoja na pamba yenye tone moja la mafuta ya karafuu isiyogusa rangi. Yatabaki laini hadi kesho, mara nyingi hata zaidi. Karafuu ikichanganywa kwenye rangi yenyewe kwa wingi, picha hunata kwa muda mrefu mno.

Kuhusu dirisha, vitabu vingi vya Ulaya husema lielekee kaskazini. Ushauri huo ni wa kwao. Sisi tuko karibu kabisa na ikweta: kati ya Aprili na Agosti jua la mchana liko kaskazini mwetu, na dirisha hilo huingiza miale mikali. Miezi hiyo geukia dirisha la kusini. Oktoba hadi Februari rudi la kaskazini.

Kwa kusafisha tumia tapentaini, dirisha likiwa wazi. Thina ya magari iache kabisa: mvuke wake ni mbaya na hulainisha hata rangi iliyokwisha kushika. Acha uchafu utuame kwenye mkebe, mimina tapentaini safi ya juu uitumie tena, na masimbi usiyamwage mtaroni. Brashi zimalizie kwa sabuni ya kipande na maji ya uvuguvugu mpaka povu litoke jeupe, kisha zilaze. Zikisimama na nywele juu, maji huteremka hadi kwenye mti na kuulegeza.

Vitambaa vyenye mafuta ya kitani, yale yaliyomo kwenye rangi, usivikunje na kuvitupa pembeni. Mafuta hayo yakishika hutoa joto, na rundo lililobanana linaweza kuwaka lenyewe. Vitumbukize kwenye mkebe wa bati wenye maji, ufunike, uweke nje.