Alama ya Sona Si Picha ya Samaki

Imani kwamba sona, kifaa cha kutambua vitu majini kwa sauti, humpiga samaki picha, na kwamba alama ndefu kwenye skrini ni samaki mkubwa, imedumu kwa miaka mingi, lakini si sahihi. Kifaa hicho hutuma mlio, ambao majini husafiri takriban mita 1,500 kwa sekunde, kisha hupima muda wa mwangwi kurudi. Urefu wa alama huonyesha muda ambao samaki amekaa chini ya kifaa, si ukubwa wake: samaki mdogo akitulia chini ya mashua iliyotia nanga ataacha mstari mrefu, ilhali papa apitaye kwa kasi huacha alama fupi tu. Nguvu ya mwangwi nayo hutegemea sana kibofu cha hewa kilicho ndani ya mwili wa samaki, na papa hana kibofu hicho.

Manufaa makubwa ya sona, kwa maoni yangu, ni kufuatilia mwendo wa makundi. Mwaka 1942, nje ya pwani ya California, wanasayansi walikuta tabaka la mwangwi lililofanana na sakafu ya bahari, ingawa sakafu yenyewe ilikuwa chini zaidi. Mwaka 1945 mwanabiolojia wa bahari Martin Johnson alionyesha kwamba tabaka hilo hupanda jioni na kushuka alfajiri, kwa kuwa ni viumbe hai. Jua likizama, utepe huo huonekana ukiinuka polepole kwenye skrini, viumbe wakifuata chakula kilicho karibu na uso wa maji.