"Deceased" na "diseased" katika karatasi za mirathi

Malalamiko yamezidi hapa Kisumu kwamba makarani wa masjala ya mahakama hurudisha karatasi za mirathi ili wapewe chai. Tafadhali, kabla ya kulalamika, kagua neno moja. Hati ya kiapo ikisema baba ni "diseased", huku cheti cha kifo kikiwa nyuma yake, itarudi.

"Deceased" ni kivumishi, maana yake aliyefariki. Likitanguliwa na "the" huwa nomino, yaani marehemu, na ndivyo sheria inavyolitumia. "Diseased" ni kivumishi tu. Nomino yake ni "disease", ugonjwa. "Diseased" hueleza kiungo, mmea au mnyama aliyeshikwa na maradhi: figo, mgomba, ng'ombe. Hata mgonjwa aliye hospitalini kwa kawaida haitwi hivyo, sembuse marehemu. Asili zao pia ni mbalimbali: la kwanza limetoka katika kitenzi cha Kilatini cha kuondoka, la pili katika Kifaransa cha kale, kukosa raha.

Chanzo cha mkanganyo kinaeleweka. Dholuo, lugha ya Wajaluo, haina sauti ya z, kwa hiyo wengi wetu huyatamka maneno haya kwa namna moja, na mchapaji huandika alichosikia. Hata hivyo anayekula kiapo ni wewe. Soma kila ukurasa kabla ya kutia sahihi.

Ukigundua kosa kabla ya kuwasilisha, usifute kwa rangi nyeupe. Chapisha upya, kisha uape tena mbele ya kamishna wa viapo. Kosa likiwa katika barua ya chifu inayowataja warithi, irudishe kwa chifu mwenyewe. Karani hana mamlaka ya kuigusa. Hati ya usimamizi, yaani idhini ya mahakama ya kusimamia mali ya marehemu, ikiwa imeshatolewa, kifungu cha 74 cha Sheria ya Urithi ya Kenya, Sura ya 160, huiruhusu mahakama kurekebisha makosa ya majina na maelezo, lakini lazima uombe rasmi.

Na wakati unasubiri, mali haiguswi. Wapo wanaoshikilia kwamba barua ya chifu inatosha kuuza shamba. Haitoshi, na tumelisema hili mara nyingi mno. Kuingilia mali ya marehemu bila idhini ya sheria ni kosa chini ya kifungu cha 45 cha sheria hiyo hiyo: faini isiyozidi shilingi 10,000, kifungo kisichozidi mwaka mmoja, au vyote viwili. Tena utawajibika kwa msimamizi halali wa mirathi kwa kiasi cha mali uliyoiingilia.