Kusaini fomu ya kituo hakufuti haki ya mtoto aliyeungua

Mtoto akiungua kwenye kituo cha kulelea watoto, wazazi wengi huambiwa, "Ulisaini fomu kwamba kituo hakitawajibika," nao hunyamaza. Wasinyamaze. Katika nchi nyingi karatasi ya namna hiyo haimwondolei mlezi wajibu wa kuwa mwangalifu, na mara nyingi mzazi hana mamlaka ya kusaini haki ya mwanawe ikapotea.

Huambiwa pia kwamba ilikuwa ajali tu. Basi itazame ajali yenyewe: kikombe cha chai kiko ukingoni mwa meza, kitambaa kinaning'inia, mkono mdogo unakivuta. Ngozi ya mtoto ni nyembamba. Maji ya nyuzi joto 60 humuunguza vibaya kwa takriban sekunde moja, ilhali mtu mzima huchukua kama sekunde 5. Sheria huuliza: nani alikiacha kikombe pale, na nani alikuwa akimwangalia mtoto? Jibu likionyesha uzembe, familia inaweza kudai fidia, ikiwemo ya matibabu na ya kovu litakalokua naye.

Lakini mtoto kwanza: maji ya baridi yanayotiririka kwa dakika 20, si barafu, si dawa ya meno, kisha hospitali. Piga picha za jeraha tangu siku ya kwanza, omba taarifa ya tukio kwa maandishi, umwone wakili mapema. Muda wa kufungua kesi hutofautiana nchi na nchi.