DVD, Blu-ray na 4K: maana yake hasa na ipi ununue

Ukizipanga mezani DVD, Blu-ray na Blu-ray ya 4K huwezi kuzijua kwa umbo, zote zina upana wa sentimita 12, unene wa milimita 1.2 na tundu katikati, sawasawa na CD ya muziki ya zamani. Tofauti iko ndani, kwenye namna data ilivyochapwa na mwanga unaotumika kuisoma, na hapo ndo inakuja maana ya fomati, yaani makubaliano kati ya anayetengeneza diski na anayetengeneza deki kwamba data itakaa hivi, itasomwa hivi, picha itabanwa hivi. Deki isiyoyajua makubaliano hayo itaizungusha diski kidogo halafu itakuandikia hakuna diski, hata kama diski yenyewe ni mpya na safi kabisa.

Kiini cha yote ni leza. DVD inasomwa na leza nyekundu yenye urefu wa wimbi wa nanomita 650, Blu-ray inatumia leza ya bluu inayoelekea zambarau ya nanomita 405, na wimbi likiwa fupi unaweza kulikusanya kwenye nukta ndogo zaidi. Ni kama kuandika kwenye karatasi ileile kwa maka peni halafu ukaandika kwa kalamu ya ncha nyembamba, karatasi haijaongezeka ila maneno yanayoingia ni mengi zaidi. Ndo maana CD inabeba kama MB 700, DVD ya tabaka moja GB 4.7 na ya matabaka mawili GB 8.5, Blu-ray GB 25 au 50, halafu ile ya 4K inafika mpaka GB 100.

Nafasi hiyo yote inaliwa na picha. VCD, iliyotoka 1993 na ambayo huku kwetu ilitawala muda mrefu, ina nukta 352 kwa 288, na filamu moja ilikuwa haitoshi kwenye diski moja, ndo ile ya kusimama katikati ya stori kwenda kuweka CD ya pili. DVD ilianza kuuzwa Japani 1996 na ina nukta 720 kwa 576, yaani mara nne ya VCD. Blu-ray ya 2006 ni 1920 kwa 1080, mara tano ya DVD, na ile ya 4K iliyoingia sokoni 2016 ni 3840 kwa 2160, mara nne tena. Hiyo ya 4K imeongeza pia kitu kinaitwa HDR, ambacho kwa maoni yangu kina maana kuliko wingi wa nukta: mwanga unaruhusiwa kuwa mkali zaidi na giza kuwa na ngazi nyingi zaidi, kwa hiyo kwenye filamu ya usiku unaona taa za gari zinawaka kweli na bado unamuona mtu aliyesimama kivulini pembeni, wakati kwenye DVD huyo mtu amemezwa na weusi tu.

Sasa kuna jambo linachanganya watu sana, zile DVD za mtaani za filamu 20 kwenye diski moja. Diski ni DVD kweli lakini kilichomo si picha ya DVD. Piga hesabu mwenyewe, GB 4.7 ukigawa kwa 20 unapata kama MB 235 kwa filamu, wakati DVD halisi mara nyingi inaipa filamu moja GB 4 mpaka 8. Hapo picha imeminywa mpaka nyuso zinakuwa vibox vibox mtu akikimbia au moshi ukipita. Kwa hiyo mtu akikwambia DVD ni mbovu muulize kwanza kaangalia DVD gani, kuna watu wengi hawajawahi kuiona DVD halisi ikichezwa vizuri, na DVD halisi kwenye TV ya inchi 32 ukiwa umekaa mita tatu ni picha nzuri tu, wala haikukeri.

Kingine ni waya. Ukinunua deki ya Blu-ray halafu ukaiunganisha kwa zile waya tatu, njano, nyekundu na nyeupe, umepoteza pesa yako, kwa sababu ule wa njano haubebi zaidi ya picha ya kiwango cha DVD. Tumia HDMI. Na TV nayo iangalie, TV ya chogo haifaidiki chochote na Blu-ray, flat screen ya inchi 32 inafaidika kidogo, ukifika inchi 50 na kuendelea hapo DVD inaanza kuonekana ina ukungu na Blu-ray inakuwa na maana kubwa.

Ila hata ukiwa na TV kubwa na HDMI bado kuna swali ambalo wauzaji hawalitaji, nalo ni filamu yenyewe ilirekodiwa na nini. Filamu ya miaka ya 70 iliyopigwa kwa mkanda wa milimita 35 ina undani mwingi kuliko DVD inavyoweza kuonyesha, ule mkanda ukiskaniwa upya kwa 4K unapata picha ambayo ukiilinganisha na DVD yake unaona mpaka nyuzi za shati. Lakini kitu kilichorekodiwa kwa kamera ndogo ya video ya zamani, kama zilivyokuwa Bongo Movie nyingi za mwanzo na video za harusi za kipindi kile, undani wake uliishia palepale kwenye kamera, ukiuweka kwenye Blu-ray hauongezeki. Na si huku tu, filamu ya Uingereza ya 28 Days Later ya 2002 sehemu yake kubwa ilipigwa kwa Canon XL1, kamera ya kanda ndogo za miniDV, na hakuna diski duniani itakayoifanya iwe na undani wa 4K. Pia kuna filamu nyingi za miaka ya 2000 zilizomaliziwa studio kwa 2K, yaani nukta karibu sawa na za Blu-ray ya kawaida, zikiuzwa kama 4K zimekuzwa tu, faida utakayoipata pale ni ya HDR zaidi kuliko nukta.

Kwa hiyo mimi ninavyoshauri, deki nunua ya fomati mpya kadiri mfuko unavyoruhusu, ila diski nunua filamu kwa filamu. Deki ya Blu-ray inabeba leza zote mbili kwa hiyo DVD zako zote zitacheza humo, tena kwa HDMI zinakuzwa na kuonekana afadhali kuliko kwenye deki ya zamani, wakati deki ya DVD haiwezi kusoma Blu-ray hata ufanyeje. Hakuna sababu ya kutupa kabati zima la DVD. Tamthilia, vichekesho, katuni za watoto zinazokwaruzwa kila siku, DVD inatosha, Blu-ray au 4K weka kwa zile filamu unazozipenda kweli na utazirudia miaka na miaka.

Kama una PS4 au PS5, zile PlayStation za gemu, angalia kwanza kabla hujanunua deki. PS4 inacheza DVD na Blu-ray za kawaida ila 4K haichezi, PS5 yenye sehemu ya diski inacheza zote tatu, lakini zote mbili hazisomi hata CD ya muziki, kwa hiyo mwenye VCD nyingi asiiuze deki yake ya zamani. Na usichelewe sana, Samsung waliacha kutengeneza deki mpya za Blu-ray 2019 na Oppo walishatoka 2018, walioendelea ni wachache.

Wapo watakaosema si uangalie mtandaoni tu. Sawa, ila Netflix wenyewe wanasema 4K inakula mpaka GB 7 kwa saa na inataka intaneti yenye kasi ya Mbps 15 (megabiti 15 kwa sekunde), filamu ya saa mbili hapo ni GB 14, pima na bei ya bando lako. Diski ya 4K inaweza kupitisha data zaidi ya Mbps 100, umeilipia mara moja, na hakuna atakayeamka asubuhi akaiondoa kabatini kwako.

Ndugu akikutumia diski kutoka nje angalia region, yaani alama ya eneo la dunia ambalo diski imetengenezewa, deki ya eneo lingine inaweza kuikataa. DVD za Marekani ni region 1, Ulaya na Oman ni 2, sisi Afrika Mashariki ni 5, ingawa deki nyingi za bei rahisi zinasoma zote. Kwenye Blu-ray sisi na Ulaya na nchi za Ghuba wote ni B, Marekani ni A. Blu-ray za 4K hazina region, popote inacheza. Na kwenye mitumba ya diski jihadhari na makasha mekundu yaliyoandikwa HD DVD, hiyo ni fomati ya Toshiba iliyoshindwa na Blu-ray mwezi wa pili 2008, haichezi kwenye deki ya Blu-ray wala ya DVD.

Ukinunua iliyotumika igeuze kwenye mwanga kabla ya kulipa. Data ya CD iko chini kidogo tu ya upande wenye maandishi, kwa hiyo mkwaruzo wa juu ndo unaoiua, ya DVD iko katikati ya plastiki, ya Blu-ray iko milimita 0.1 tu kutoka upande unaosomwa ila imepakwa ngozi ngumu ya kuilinda. Ile mbinu ya kusugua dawa ya meno, ambayo kwenye DVD mara nyingine inasaidia, kwenye Blu-ray usithubutu, utaondoa hiyo ngozi. Futa kwa kitambaa laini kutoka katikati kwenda nje, usizungushe.