Mawazo yanakuja, sasa ulitaka yaende wapi?

"Mwalimu mi meditesheni imenishinda, nikifumba macho tu mawazo yanaanza." Jamani. Hii meseji naipata tangu nianze kufundisha, zamani nilikua najibu kwa upole na maelezo marefu, ila wiki hii imekuja tena na uvumilivu umeniishia, kwahiyo naandika hapa mara moja alafu kuanzia leo nitakua natuma linki.

Kuja kwa mawazo sio kufeli. Wanasaikolojia Matthew Killingsworth na Daniel Gilbert wa chuo kikuu cha Harvard walitoa utafiti mwaka 2010, walikua wanawashtukiza watu kupitia simu zao katikati ya shughuli, wanauliza saa hii unafanya nini na unawaza nini, watu zaidi ya 2,000, na karibu asilimia 47 ya majibu yalionyesha akili iko kwingine kabisa, haipo kwenye kinachofanyika. Na hao walikua na kitu cha kufanya! Sasa wewe umekaa dakika kumi huna simu, huna wa kuongea nae, huna lolote, alafu unategemea kichwa kinyamaze kisa umekunja miguu?

Tena ukiyafukuza ndo unayaita. Mwanasaikolojia Daniel Wegner na wenzake mwaka 1987 waliwaambia watu waseme kwa sauti kila kinachowajia kichwani kwa dakika 5, sharti moja tu, wasimuwaze dubu mweupe, akija wagonge kengele. Kengele ziligongwa. Na walipokuja kuruhusiwa kumuwaza, walimuwaza kuliko wale ambao hawakukatazwa tangu mwanzo. Wegner baadae akaeleza kwanini: ili uwe na uhakika kwamba humuwazi dubu, lazima sehemu ya akili ikae lindo ikichungulia kama dubu kaja, na huyo mlinzi hawezi kufanya kazi yake bila kumkumbuka dubu. Kwahiyo mtu anaekaa chini na kujiambia "sitaki kuwaza chochote" kajiwekea mlinzi wa kila wazo lililopo duniani, alafu ananiandikia mimi kwamba amechoka. Lazima uchoke.

Zoezi lenyewe ni hili. Unaweka umakini kwenye pumzi, unapotea, unastuka kwamba umepotea, unarudi. Basi. Hicho kipande cha tatu, kustuka, ndo meditesheni, hivyo vingine ni maandalizi. Ni kama kunyanyua vyuma, misuli haijengwi na chuma kukaa juu, inajengwa na kupanda na kushuka, na ukipotea mara hamsini ukastuka mara hamsini hujaharibu chochote, umenyanyua mara hamsini. Mwanafunzi anaenitia wasiwasi ni yule anaesema alikaa nusu saa hakuwaza kitu, mara nyingi huyo alisinzia.

Sasa hapa kwenye kurudi ndo penye balaa na ndo sehemu watu hawaisikilizi wakishaelewa hayo ya juu. Unastuka, sawa, alafu unarudi VIPI? Wengi wanarudi na kipigo, "aah nimepotea tena, sifai, akili gani hii." Hiyo sio kurudi bana, umetoka kwenye wazo la bili umeingia kwenye wazo la jinsi usivyofaa, bado uko kwenye mawazo, umebadilisha chumba tu. Kundi la pili ndo linaniudhi zaidi maana ni watu wenye akili sana, hao wakistuka wanaanza uchunguzi, kwanini nimewaza hili, limetokea wapi, lina uhusiano gani na utotoni kwangu, dakika tano zimeisha na mwenyewe anaona amefanya kazi kubwa. Uchunguzi una mahali pake, sikatai, ila sio hapo. Hapo unasema kimoyomoyo "nawaza", neno moja, bila hasira na bila pongezi, unaikuta pumzi inavyoingia puani au tumbo linavyopanda, unaendelea. Na pumzi yenyewe usiiendeshe, iache ivutike ilivyo hata kama ni fupi na mbaya mbaya.

Mambo ya kukaa nayapitia haraka. Kiti kinafaa. Mgongo wima usiokakamaa. Macho wazi sawa, yamefumbwa sawa. Asubuhi au jioni, mi sijali, cha muhimu ni iwe saa ambayo kweli utakaa.

Kuhusu maisha ya kila siku, kuna wanaoniambia "mi siku yangu yote ni meditesheni, napika kwa umakini, natembea kwa umakini", ukimuuliza vizuri alikua anapika huku anasikiliza podikasti. Chagua kitu kimoja tu unachokifanya kila siku, mfano kuosha vyombo, alafu chagua hisia moja ndani yake, joto la maji kwenye mikono, basi, utapotea na utastuka na utarudi kwenye joto la maji. Au kungoja foleni, simu ibaki mfukoni, sikia uzito kwenye nyayo. Dakika tatu za hivyo kila siku nazipendelea kuliko saa nzima ya jumapili moja.

Faida zipo, ila zisemwe kwa kipimo. Jon Kabat-Zinn alianza kufundisha wagonjwa meditesheni mwaka 1979 hospitali ya chuo kikuu cha Massachusetts, Marekani, wagonjwa wake wengi walikua na maumivu ya muda mrefu, na ile kozi yake ya wiki 8 ndo imechunguzwa sana. Mwaka 2014 uchambuzi uliojumlisha majaribio 47 yenye watu zaidi ya 3,500 uliona meditesheni inasaidia kiasi kwenye wasiwasi, sonona na maumivu, na papo hapo haukuona kwamba inashinda mazoezi ya mwili au dawa. Mwaka 2022 kozi hiyo hiyo ilipambanishwa na escitalopram, dawa ya wasiwasi na sonona, kwa watu 276 wenye ugonjwa wa wasiwasi, zikaenda sambamba. Hiyo ni habari kubwa, ila haimaanishi utupe vidonge vyako, ongea na daktari wako kwanza. Zile habari za kwamba wiki nane zinakuza ubongo mi nimeacha kuzifundisha, utafiti mkubwa zaidi wa 2022 uliutafuta huo ukuaji haukuuona.

Na wasiwasi wangu mwingine ambao kwenye vipeperushi vya kozi hutauona: dawa unaweza kuipima kwa kidonge feki, meditesheni feki utaitengenezaje? Aliekaa anajua kakaa. Kwahiyo kiasi gani cha nafuu ni zoezi, na kiasi gani ni kupumzika tu, kuwa na kundi na mwalimu anaekujali, kukitenganisha ni kazi ngumu mno. Alafu kuna watu inawaumiza, hasa wenye majeraha ya nyuma, wakifumba macho na kufuata pumzi hofu inapanda badala ya kushuka. Wewe ukiona hivyo fungua macho, acha, nenda katembee, na usikubali mwalimu yeyote akuambie "vumilia, ndo inafanya kazi". Huyo mkimbie.

Mnapenda pia kuuliza "nitajuaje kama naendelea?" Usiangalie utulivu ukiwa umekaa, unadanganya sana. Angalia siku umeudhiwa, umeshaandika meseji ya matusi na kidole kiko kwenye kutuma, je unastuka kabla ya kubonyeza au baada? Wengi wanaanza kwa kustuka baada, saa nzima baadae, alafu dakika tano baadae, alafu siku moja wanastuka kidole kikiwa hewani. Wiki inayofuata wanatuma tena kama kawaida, alafu wananiandikia kwamba meditesheni imewashinda.